Upepo wa tairi na jua la Oktoba: nipunguze au niache?

*“Mwalimu shikamoo. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Tabora, kijiwe changu kipo Ipuli. Nabeba abiria, na siku nyingine napeleka mizigo njia ya Sikonge: mkaa, mahindi, hata mitungi ya gesi. Mwezi wa kumi jua lilipokuwa kali, tairi langu la nyuma lilibasti mara mbili, zote mchana, namshukuru Mungu sikuumia. Fundi wangu wa pancha anasema hewa ikipata joto inavimba, kwa hiyo msimu wa jua nijaze upepo wa psi 20 tu badala ya 32 kama kitabu cha pikipiki kinavyosema, ‘utajiongeza wenyewe njiani’. Mwenzangu kijiweni anasema nijaze kama kawaida, ila ikifika saa saba nipunguze. Mwingine anasema dawa ni naitrojeni, eti yenyewe haivimbi. Nani mkweli? Na hiyo mitungi ya gesi, nayo inavimba vivyo hivyo nikiwa nayo juani?”*

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa misukosuko ya barabarani. Nikikuelewa vizuri, unachohofia ni kwamba upepo unaongezeka ndani ya tairi bila wewe kuutia, na siku moja utalipasua ukiwa na mama na mtoto nyuma yako. Fundi wako ameshika jambo moja la kweli kisha akalipeleka kusiko. Hewa ikipata joto hutanuka, hilo halina ubishi. Swali ni inatanuka kiasi gani, na kama kweli ndiyo inayopasua tairi. Hapo hesabu inamkataa. Jaza hiyo 32 asubuhi tairi likiwa limepoa, usiipunguze mchana, na pesa ya naitrojeni kanunulie tyubu nzuri. Sasa nikupe sababu, maana najua ukifika kijiweni utaulizwa “nani kasema?”

Tuanze na jambo unaloweza kulijaribu nyumbani leo. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, mdomoni uivalishe puto la watoto, kisha iweke kwenye beseni la maji ya moto, yale ya kuoga yanayokaribia kuunguza. Puto litasimama na kuvimba kidogo. Kidogo tu. Kama hewa ya ndani ilikuwa nyuzi 25 na imefika nyuzi 65, nusu lita ile imeongezeka kwa mililita kama 67, vijiko vinne na nusu vya chakula. Watoto hushangilia lile puto likiinuka, mtu mzima anayetegemea kuona maajabu huwa anakata tamaa. Hiyo ndiyo nguvu ya joto la kawaida juu ya hewa: ipo, inaonekana, lakini si kubwa kama watu wanavyodhani.

Kwa nini ni ndogo hivyo? Kwa sababu sifuri ya kipimajoto chetu si sifuri ya joto. Nyuzi 0 ni pale maji yanapoganda tu, na hata hapo chembe za hewa bado zinakimbia huku na huko kwa kasi kubwa. Ukitaka kufika mahali ambapo mwendo huo hauwezi kupungua tena, lazima ushuke mpaka nyuzi 273 chini ya sifuri. Kwa hiyo gesi inahesabu joto kuanzia huko chini. Hewa ya nyuzi 20 kwa hesabu yake ina 293, na hewa ya nyuzi 40 ina 313. Wengi wanaona 20 imekuwa 40 wanasema joto limezidi mara mbili, basi na hewa imejaa mara mbili. Gawanya 313 kwa 293 uone: ongezeko ni asilimia 7 hivi. Ikiwa hewa iko huru kutanuka, kama ndani ya lile puto, ujazo wake unaongezeka kwa asilimia hiyohiyo.

Hili halikugunduliwa jana. Jacques Charles, Mfaransa aliyerusha puto la kwanza la haidrojeni mwaka 1783 (lilipotua shambani, wanakijiji walilivamia kwa zana zao wakidhani ni jini), alilipima jambo hili miaka michache baadaye lakini hakulichapisha. Mwenzake Joseph Louis Gay-Lussac ndiye aliyelitangaza mwaka 1802 na akawa muungwana wa kumtaja Charles. Kitu muhimu walichokiona, na utakihitaji tukifika kwenye naitrojeni, ni kwamba gesi walizozipima zote zilitanuka karibu sawasawa.

Sasa turudi kwenye tairi, ambalo si puto. Puto ni mpira mtupu, linanyooka. Tairi lina nyuzi ngumu zilizofumwa ndani ya mpira, kazi yake ni kukataa kunyooka. Tyubu ikishajaa na kugusa kuta za tairi, haina pa kwenda. Hivyo hewa ikipata joto ujazo wake haubadiliki, kinachopanda ni presha: chembe zilezile, ndani ya chumba kilekile, zinagonga kuta kwa nguvu zaidi na mara nyingi zaidi. Fundi anaposema upepo “unavimba”, anachokiona kwenye geji ni presha.

Na geji yenyewe ina siri yake. Inaanza kuhesabu baada ya hewa ya nje. Tairi lililokwisha upepo kabisa linasoma 0, lakini ndani yake bado kuna hewa yenye presha sawa na ya nje. Hapa Tabora, tulipo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje inakandamiza kwa karibu 13 kwa vipimo vya geji yako. (Dar es Salaam ni karibu 15. Kigoma pale ziwani iko katikati, ndiyo maana ukishuka kutoka hapa hadi Kigoma geji itakuonyesha upungufu usiofika hata 1. Usimlaumu mtu.) Kwa hiyo 32 yako kwa gesi ni 45.

Twende taratibu. Asubuhi saa kumi na mbili, nyuzi 18, umejaza 32. Saa saba mchana umetoka Sikonge na mzigo, lami inawaka, hewa ya ndani ya tairi tuseme imefika nyuzi 60. Kwa hesabu ya gesi joto limetoka 291 hadi 333, ongezeko la asilimia 14. Presha ya 45 inakuwa 51 na nusu. Toa ile 13 ya nje: geji itasoma 38 na nusu. Umeongezewa 6 na nusu na jua pamoja na mwendo. Inatisha? Hapana. Waliotengeneza pikipiki na tairi wanajua kwamba litapata moto. Namba waliyoiandika kitabuni ni ya tairi baridi, na kupanda huko wameshakuhesabia. Tairi zima lenye 38 wakati wa mchana liko mahali pake.

Sasa chukua 20 ya fundi. Kwa gesi hiyo ni 33. Ipe joto lilelile la nyuzi 60: inafika karibu 38, geji inasoma 25. Yaani umezunguka mchana kutwa na jua lote la hapa Unyanyembe, na bado hujafika 32. Ili ile 20 “ijiongeze yenyewe” mpaka 32, hewa ya ndani ingepaswa kufika nyuzi kama 124. Maji hapa Tabora yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Joto la kupita maji yanayochemka, ndani ya tairi ulilolikalia! Likifika huko, mpira wenyewe uko njiani kuharibika.

Kibaya zaidi, tairi lenye upepo mdogo lina njia ya kulitafuta joto hilo. Kila gurudumu linapozunguka, sehemu inayogusa ardhi inalala, kisha inasimama tena. Kukunjwa na kukunjuliwa huko kunazalisha moto ndani ya mpira wenyewe, hasa kwenye mashavu ya tairi. Upepo ukiwa sawa, mkunjo ni mdogo. Upepo ukiwa 20, na nyuma una magunia mawili ya mkaa au mishikaki ya abiria ambayo trafiki amekukataza, shavu linakunjwa sana kila mzunguko, mamia ya mara kwa dakika. Moto unazaliwa haraka kuliko unavyotoka. Gundi iliyoshika nyuzi na mpira inalegea, na siku hiyo tairi linaachia. Linaachia mchana kwa sababu mchana lami na hewa vinasaidia kulichemsha, na mtu aliyesimama pembeni anasema “upepo ulizidi”. Mara nyingi ulipungua.

Tuyaangalie sasa matairi yako yaliyobasti, kama bado unayo au fundi hajayakata kutengeneza kandambili. Lifungue tairi upitishe kiganja ndani. Ukikuta unga mweusi kama masizi, au mstari uliosuguka ukizunguka ndani ya shavu, tairi hilo lilikimbizwa bila upepo wa kutosha. Unga ule ni mpira uliosagwa na kukunjwa. Kisha iangalie tyubu. Ikiwa imechanika pale pale kwenye shina la vali, basi tairi lilikuwa likiteleza juu ya rimu kila unapofunga breki au kuondoka kwa nguvu, likaiburuta tyubu mpaka vali ikang'oka. Hilo nalo hutokea upepo ukiwa mdogo. Dalili yake ya mapema ni vali iliyolala upande badala ya kusimama wima. Ikiwa kiraka cha gundi ndicho kilichobanduka, joto lililainisha gundi, na tyubu yenye viraka vitatu vinne msimu wa jua ni ya kustaafisha. Na kama tairi ni kipara mpaka nyuzi zinachungulia, hapo hatuna haja ya fizikia.

Sijaliona tairi lako, kwa hiyo siapi. Ila tairi la nyuma, la mizigo, mchana, mara mbili, kwa mtu ambaye fundi wake anapenda upepo mdogo… ningeanza kutafuta ule unga mweusi.

Mwenzako wa kupunguza saa saba ana nia njema, lakini ushauri wake una mtego. Tuseme geji imesoma 38 na nusu, ukaogopa, ukashusha hadi 32 tairi likiwa bado moto. Umetoa hewa ambayo hairudi. Usiku likipoa hadi nyuzi 18, geji itasoma 26. Kesho unaamka na tairi legevu bila kujua, unapakia abiria, linapata moto kuliko jana, mchana linapanda, unalipunguza tena. Baada ya siku chache umefika kwenye 20 ya fundi kwa kupitia mlango wa nyuma. Upepo unapimwa asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani au baada ya pikipiki kukaa kivulini kwa masaa matatu hivi. Mchana ukiwa na wasiwasi, pima kwa kujiridhisha tu, usiguse pini. Isipokuwa geji ikisoma chini ya namba ya baridi wakati tairi ni moto: hapo kuna pancha, tafuta msumari.

Kuhusu naitrojeni nitasema kidogo. Hewa unayovuta sasa hivi, karibu asilimia 78 yake ni naitrojeni tayari. Na kama Gay-Lussac alivyoona, gesi hizi zinapanda na joto kwa kiwango kimoja, hakuna iliyopewa msamaha. Faida zake za kweli ni kwamba inauzwa ikiwa kavu, wakati kompresa nyingi za mitaani zinasukuma na unyevu ambao huongeza presha kidogo ukigeuka mvuke, na kwamba inapenya mpira taratibu zaidi. Kwa ndege ina maana kubwa. Kwa bodaboda wa Ipuli anayepima upepo kila asubuhi, sioni atakachokipata zaidi ya kupungukiwa pesa.

Sitaki udhani kupunguza upepo ni haramu siku zote. Njia ya mchanga mwingi, zile za ndani vijijini ambako gurudumu linachimba, kupunguza kidogo kunalifanya tairi likanyage kwa upana na kushika. Fanya hivyo ukienda polepole, bila mzigo mzito, na ukirudi kwenye lami simama ujaze. Pampu ya mguu ifungwe kwenye kiti. Kujaza kupita kiasi “kwa sababu ya mzigo” nako si dawa. Kitabu chako pengine kina namba mbili, ya dereva peke yake na ya mwenye abiria. Tumia ya pili ukibeba, na usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye shavu la tairi. Tairi lililokakamaa kwa upepo linagusa ardhi kwa kipande kidogo, breki inateleza, na likiingia shimoni pigo lote linaenda kwenye nyuzi na spoku. Mzigo ukizidi uwezo wa pikipiki, hakuna namba ya upepo inayourekebisha. Hilo unalijua kuliko mimi.

Jambo moja la kununua kabla ya yote: geji yako mwenyewe, ikae mfukoni. Geji za kwenye kompresa za vijiweni zinadondoshwa, zinakanyagwa, na mbili zinaweza kutofautiana kwa 5 au zaidi kwenye tairi lilelile. Huenda hata ile 32 uliyozoea ilikuwa 26.

Kuna hali ambazo maelezo haya hayatoshi, mtu lazima aliguse tairi kwa mkono. Ukiona nundu kwenye shavu, nyuzi zinaonekana, vali imelala, rimu imepinda, au usukani unacheza ukifika mwendo fulani, usisubiri wikendi. Peleka kwa fundi wa pikipiki anayefungua gurudumu lote, avue tairi, aangalie ndani, apime na mpangilio wa spoku. Fundi wa pancha wa pembeni ya barabara ni mtu muhimu sana, ila kazi yake ni tundu. Nundu haizibwi na kiraka.

Sasa mitungi. Hapa nataka usome kwa makini kuliko kote huko juu, kwa sababu mtungi haufuati hesabu niliyokupa. Ndani yake gesi imekandamizwa mpaka imekuwa kimiminika. Ukiutikisa unasikia kinacheza. Juu ya kimiminika kuna mvuke. Joto likipanda, si kwamba mvuke uliopo unagonga kuta kwa nguvu zaidi tu, bali kimiminika kinatoa mvuke mwingine, nao unajazana palepale. Butani, moja ya gesi mbili zilizomo, kwa nyuzi 20 ina presha kama mara 2 ya hewa ya kawaida, kwa nyuzi 40 inakaribia mara 4. Propani inatoka kama mara 8 na kuvuka 13. Mitungi yetu ina mchanganyiko wa hizo mbili. Linganisha na hewa ya tairi, ambayo kwa tofauti hiyohiyo ya joto inaongezeka asilimia 7.

Je, utalipuka kwa jua la njia ya Sikonge? Mtungi mzima, uliojazwa kihalali, umetengenezwa kuhimili presha kubwa kuliko hiyo, na safari ya mchana haitaupasua. Hatari iko kwenye kujaza. Kimiminika chenyewe hutanuka na joto, na tofauti na mvuke, hakikubali kubanwa. Ndiyo maana kiwandani huacha nafasi juu, kama sehemu moja ya tano. Wale wanaohamisha gesi mitaani kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo hawana mizani wala kipimo cha nafasi hiyo, na mtungi uliojaa kimiminika hadi shingoni, ukiachwa juani, unaweza kusukuma mpaka vali au chuma kikaachia.

Kwa hiyo usipakie mtungi ambao lakiri ya kwenye vali imevunjwa au haipo. Ukiushuku, uweke kwenye mizani: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye bati la mtungi wenyewe, jumlisha uzito wa gesi yake (kilo 6 kwa mtungi wa kilo 6), ukizidi hapo waziwazi urudishe ulikoutoa. Ubebe ukiwa umesimama wima, maana ukilala kinachofika kwenye vali ni kimiminika, na ikivuja kidogo inatoa gesi nyingi mno. Uufunike kwa gunia jeupe au kitambaa chepesi, uuweke mbali na ekzosi, na ukisimama kula usiuache juani. Waambie na wateja wako wanaouweka mtungi kwenye maji ya moto au karibu na jiko la mkaa ili “gesi iliyobaki itoke” waache. Ukisikia harufu njiani, simama mbali na watu na moto, zima injini, ushushe mtungi mahali pa wazi upepo unapopita, usiwashe sigara wala kiberiti kutafuta unakovujia. Ukisogea mbali nao ndipo uchukue simu: zimamoto ni 114.